Mengineyo

Nilikuwa karani wa hesabu kwa miaka 31, na mpaka leo, mstaafu wa miaka tisa, bado naandika matumizi ya nyumba kwenye kaunta buku. Kushoto tarehe, katikati kitu, kulia shilingi. Pembezoni, pale ambapo ofisini tuliandika namba ya stakabadhi, nyumbani naandika neno moja tu. Februari 2024, sukari kilo moja, 4,000, pembeni: "Loh!" Mtungi wa gesi: "Tena?" Rejeta ya gari, ya pili ndani ya mwaka mmoja: hapo niliandika neno ambalo mke wangu alilifuta kwa kalamu yake mwenyewe, maana wajukuu sasa wanajua kusoma.

Mke wangu anasema hicho si kitabu cha matumizi, ni cha manung'uniko. Sibishi. Ile sukari nilijua kilichoiadimisha: mvua za El Niño zilikuwa zimelowesha mashamba, miwa haikatiki, viwanda vimesimama. Lakini kujua sababu hakutii utamu kwenye chai.

Gari ni Corolla ya mwaka 1994, niliyoinunua mtumba mwaka 2004. Namba A. Anayeishi Dar es Salaam anajua maana yake: gari kuukuu. Vijana wa bodaboda wakitaka kunitania husema, "Mzee wa namba A kapita," na wakati mwingine sijapita, nasukumwa. Linachemsha. Fundi wangu hapa Tabata alisema ni rejeta, tukabadilisha. Akasema ni pampu ya maji, tukabadilisha. Sasa anasema ni gasketi ya silinda hedi, na anavyolitamka neno hilo unajua kuna laki kadhaa zinaondoka. Na bado mafuta: Jumatano ya kwanza ya kila mwezi bei kikomo hutangazwa. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi sisi Wakatoliki tunaiadhimisha kwa heshima ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Kwa hiyo miezi mingi ninabakiwa na Alhamisi moja tu ya kutubu niliyoyasema Jumatano.

Halafu kunguru. Gari hulala chini ya mwembe, na mwembe ni wao. Hawa si wenyeji. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, kazi yao ikiwa kula taka, wakavuka bahari na hawakurudi. Kunguru wetu wa asili, yule mwenye shingo nyeupe kama kola ya padre, siku hizi mjini humu kumwona ni bahati. Huyu wa shingo ya kijivu amemfukuza. Jiji hili limewahi kuwategea sumu, na mwaka 2024 wenzetu wa Kenya walitangaza mpango wa kuwaua milioni moja. Mimi wamenichukulia vifaranga vitano kati ya saba, vipande vya sabuni nisivyovihesabu, na raba za waipa zote mbili, ambazo hazina lishe yoyote. Wanaanza kelele saa kumi na moja alfajiri. Nami naanza zangu.

Je, kunung'unika huku ni dhambi? Nauliza kwa dhati, kwa sababu nimesikia ikisemwa kuwa ni dhambi, na aliyesema si mtu wa kupuuzwa.

Jumuiya yetu ndogo ndogo husali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kila wiki nyumba tofauti. Rozari, Injili, tafakari, sadaka, matangazo, na mwisho kabisa, wakati akina mama wameshaanza kukunja khanga na kutafuta ndala zao mlangoni, ajenda ya mengineyo. Miezi mitatu iliyopita nilisimama kwenye mengineyo nikasema sitaweza kumpeleka mgonjwa wetu hospitali Jumatatu kwa kuwa gari limechemsha tena. Nikaongeza habari za gasketi, bei ya mafuta na waipa zangu. Watu walicheka vizuri. Wawili walinipa majina ya mafundi. Mmoja akajitolea kulivuta kwa gari lake.

Baada yangu akasimama mama mmoja mjane, mpangaji, anayekaanga vitumbua asubuhi nje ya geti la nyumba anayoishi. Alisema mafuta ya kupikia yamepanda, mchele umepanda, na kwamba akinunua umeme wa elfu mbili mwanzoni mwa mwezi, nusu na zaidi inakatwa kodi ya jengo ambalo si lake. Alisema, "Hata sijui niseme nini." Hakuomba kitu.

Mwenyekiti wetu ni mtu mwema. Alimkumbusha, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorinto wasinung'unike kama wale wa jangwani, ambao walinung'unika wakaangamizwa. Akasema, "Mama, tumshukuru Mungu kwa yote." Tukaitikia amina. Mimi amina yangu ilisikika, maana nina sauti ya bezi. Tukafunga kwa sala.

Nilipofika nyumbani nikaandika: sadaka ya jumuiya, 2,000. Pembeni sikuweza kuandika neno.

Karani wa hesabu, akiwa Mkristo, ana kitabu chake kwenye Biblia, na kinaitwa hivyohivyo: Hesabu. Nilikwenda moja kwa moja sura ya 11, kwenye kisa ambacho watu wote hutupiwa wakilalamikia bei ya vitunguu. Waisraeli wamechoka na mana. Wanakumbuka Misri: samaki, matango, matikiti, vitunguu, vitunguu saumu, na wanasema walivila bure. Bure! Walikuwa watumwa. Walivilipia kwa migongo yao, lakini tumbo halitunzi stakabadhi. Mungu akakasirika, akawaletea kware mpaka wakafa na nyama ingali kati ya meno. Hapo ndipo wahubiri wengi wanapofunga kitabu, na mimi kwa miaka mingi nilifunga nao.

Safari hii nilisoma kama ninavyokagua leja, mstari kwa mstari, na nikakuta ingizo ambalo nilikuwa nimeliruka. Katika sura hiyohiyo, kabla kware hawajafika, kuna mtu mwingine analalamika, na malalamiko yake ni makali kuliko ya vitunguu. Ni Musa. Anamuuliza Mungu kwa nini amemtenda vibaya hivi. Anauliza kama ni yeye aliyewachukulia mimba watu hawa hata aambiwe awabebe kifuani kama mlezi. Anauliza nyama ya umati huu ataitoa wapi. Mwisho anasema, kama ndivyo, bora uniue. Hakuna mtu wa jumuiya yetu aliyewahi kusema maneno mazito kiasi hicho, hata Jumatano ya kwanza ya mwezi. Na Mungu hakumkemea. Alimwambia akusanye wazee 70 wa kumsaidia kubeba mzigo.

Sura moja, jangwa moja, chakula kilekile. Mmoja anapewa wasaidizi 70, wengine wanazikwa. Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Nilifikiri labda tofauti ni uzito wa shida, lakini Musa alikuwa anakula mana hiyohiyo. Nikafikiri labda ni cheo, na wazo hilo lilinichukiza, kwa sababu likiwa kweli basi mwenyekiti wetu alifanya sawa kabisa: mwenye gari achekewe, mkaanga vitumbua anyamazishwe.

Kisha nikaona palipoandikwa watu walikuwa wanalia wapi. Kila mtu mlangoni pa hema yake. Kila mmoja na familia yake, kwa wenzake waliokuwa na njaa kama yeye na wasioweza kufanya lolote. Mungu aliwasikia, hilo limeandikwa, lakini aliwasikia jinsi jirani anavyosikia ugomvi wa nyumba ya pili. Hawakuwa wakisema naye. Musa alisema naye. Ndiyo tofauti pekee niliyoweza kuiona, na nimeisoma sura hiyo mara nyingi sasa.

Sina elimu ya seminari. Nilisoma shule ya wamisionari Wabenediktini kule kusini, nikabakiwa na hesabu, bezi ya kwaya, na heshima kubwa kwa Mtakatifu Benedikto, ambaye katika Kanuni yake ya karne ya 6 anachukia manung'uniko kuliko karibu kosa lolote la watawa. Shuleni tulikumbushwa hilo sana, hasa siku za maharage. Ambalo hatukukumbushwa ni kwamba katika Kanuni hiyohiyo anaagiza wanaohudumu jikoni wapewe kinywaji na mkate wa ziada kabla ya mlo, ili wawahudumie ndugu zao bila kunung'unika. Na anamtaka abate apange mambo ya nyumba ili ndugu wasiwe na manung'uniko ya haki. Ya haki! Kumbe yapo. Mzee aliyeyachukia kuliko wote alijua kwamba mengine yana haki, na dawa aliyoandika ilikuwa mkate.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kanisa ni changa, waamini wanaongezeka, na panatokea manung'uniko. Biblia yangu ya Kiswahili inatumia neno lilelile ambalo Paulo anawakataza Wakorinto. Wananung'unika Wayahudi wa Kiyunani, kwa sababu wajane wao wanasahauliwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku. Wajane. Chakula. Cha kila siku. Mitume kumi na wawili wangeweza kusema, "Akina mama, tushukuru kwa yote." Walikuwa na mamlaka hayo na walikuwa na kazi nyingi. Wakaitisha mkutano. Watu saba wakachaguliwa, Stefano na Filipo wakiwemo, wapewe kazi hiyo. Ushemasi, ambao kila padre wetu hupitia kabla ya upadre, Kanisa limezoea kuufuatilia mpaka kwenye mkutano huo ulioitishwa kwa sababu ya manung'uniko ya jikoni.

Simpingi Paulo kuhusu shukrani. Mama yangu mzazi alikuwa akishukuru kwa maji ya kisima yenye matope, na ninaamini alikuwa mtakatifu. Ila alishukuru kwa kikombe chake mwenyewe. Sisi Jumamosi ile tulishukuru kwa kikombe cha mama wa vitumbua, tena kabla hajakiweka chini.

Nilijaribu mambo mawili. La kwanza ni la kijinga kidogo, lakini nitalisema. Nilichukua kaunta buku, nikaanza kuyasali maneno ya pembezoni. "Bwana, gasketi." Jaribu uone jinsi unavyojisikia. Ukimwambia mtu shida yako uso kwa uso, hata kama uso huo huuoni, unalazimika kusema unataka nini, na hapo ndipo hesabu zangu zilipoanza kupungua. Ya gasketi niliweza kuyasema. Ya raba za waipa nilianza nikaishia njiani. Kwa kunguru nilikuwa nataka kuomba wafe wote, na nikakumbuka Kitabu cha Ayubu, ambamo Mungu, baada ya kumwacha Ayubu alalamike sura nyingi bila kumzuia, anamuuliza ni nani anayempa kunguru chakula chake makinda yake yanapomlilia Mungu. Kunguru wa Ayubu si huyu wangu wa shingo ya kijivu, najua. Lakini imeandikwa kwamba kelele za makinda yale zinakwenda kwa Mungu. Saa kumi na moja alfajiri, juu ya mwembe wangu, ndege mwizi anaelekeza malalamiko yake panapostahili, na mimi chini naongea na paa la gari.

Bado nawachukia. Nimeacha tu kuwaombea kifo.

La pili ni kwamba nilikwenda kwa yule mama. Sikwenda mapema, nakiri. Ilinichukua wiki tano, na nilikwenda kwa sababu alikuwa hajaonekana jumuiyani Jumamosi nne mfululizo. "Shikamoo baba," alisema, akanitolea kigoda. Jiko lilikuwa la mkaa, mtungi wa gesi umegeuzwa kuwa meza ya kuwekea ndoo ya maji. Umeme hakuwa nao kwa siku 16. Alizitaja siku hizo bila kufikiri, kama mtu aliyekuwa akizihesabu. Nilimuuliza kwa nini haji kusali. Akasema, "Baba, nikija nitasema tena."

Niliporudi nilichukua ukurasa mpya, nikauchora safu kama ofisini, na juu yake nikaandika namba ya nyumba ya mama yule. Mke wangu alisoma, hakufuta kitu. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa nyumba nyingine tatu, na sasa kurasa ni nne.

Jumamosi hii jumuiya inasali kwangu. Gari liko juu ya mawe uani bila silinda hedi, hivyo viti tutaviweka upande wa mwembe, na wageni wajihadhari na vichwa vyao. Nimemwandikia mwenyekiti ujumbe kumwomba mengineyo iwe ajenda ya kwanza. Bado hajajibu.