Mgeni Mbele ya Sufuria

Mjini Lubumbashi, watoto wanaolala nje huitwa mashege. Jina hilo linauma.

Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika Katanga mwaka 1911, huwapokea watoto hao katika kituo cha Bakanja-Ville. Kituo kina jina la Isidore Bakanja, kijana Mkongo aliyekufa mwaka 1909 baada ya kuchapwa viboko kwa ajili ya imani yake.

Vijana wa Ulaya huja huko kujitolea. Anayetoka mbali anaweza kudhani kazi ya jikoni ni kupakua tu, lakini bukari, yaani ugali, ina masharti yake. Maji yakichemka, unga unamwagwa, mwiko unashikwa kwa mikono miwili, na kusonga ni mpaka mabega yaume. Ukilegea, mabonge yanabaki, na mtoto mwenye njaa huyaona kabla ya kutia tonge mdomoni. Hapo ndipo mgeni hujifunza pia kuuliza jina, badala ya kusema shege.

Mgeni huyo siku moja atarudi kwao. Watoto watabaki na wenyeji. Msikilizaji wa mitaa ya Lubumbashi, uwe wa Katuba, Kenya au Ruashi, wiki hii tenga saa mbili na kilo chache za unga, uende kituoni ukasonge.