Ahadi ya Mwenye Kwenda Kusoma Ng'ambo

Tumeletewa masuala mawili katika darasa letu, na kwa kuwa wengi huyauliza kwa kunong'ona, tumeona bora tuyajibu mbele ya watu. La kwanza: mzazi ambaye mwanawe amepata nafasi katika chuo kikuu cha Uingereza, je, yafaa aazime fedha kwa jamaa, ziwekwe benki zionekane, kisha azirudishe kwa wenyewe? La pili: kijana akisha kupata shahada yake akabaki huko huko kufanya kazi, je, awa amewakhini watu wake?

Waulizaji wameyaleta kuwa ni mambo mawili mbalimbali. Sisi twayaona ni jambo moja. Yote mawili yarudi kwenye neno alilolisema mtu kabla hajapanda ndege: alimwambia nani, na wakati alipolisema moyo wake ulikusudia nini.

Kwanza tuondoe maneno mawili yanayotuziba macho kila mara mazungumzo haya yanapoanza. Wako wasemao kwamba kukaa katika nchi isiyokuwa ya Waislamu ni haramu, basi, na hapana la zaidi. Hawa wamechukua fatwa za zama za vita wakamvika msichana aendaye kusomea uuguzi. Al-Mawardi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi aliyefariki mwaka 1058, imepokewa kwake kwamba mtu awezaye kuidhihirisha dini yake katika nchi kama hiyo, kukaa kwake huko ni bora kuliko kuhama. Na upande wa pili wako watuleteao yale maneno mashuhuri ya kutafuta elimu hata China, wakayanasibisha na Mtume (s.a.w.) kila wanapotaka mtoto asafiri. Maneno hayo wajuzi wa hadithi wameyadhoofisha, na Ibn al-Jawzi aliyahesabu katika yaliyozuliwa. Elimu haikosi hoja sahihi hata itetewe kwa riwaya mbovu.

Kusafiri kwa ajili ya elimu ni ada kongwe ya pwani hii. Sheikh Abdallah Bakathir alizaliwa Lamu, akaifuata elimu Makka na Hadhramaut, kisha akakaa Unguja akisomesha mpaka alipofariki mwaka 1925. Hakurudi kukaa mji aliozaliwa, wala hatukusikia mtu akimwita mkhaini kwa hilo, kwani wanafunzi walimwendea kutoka pande zote za pwani. Na Aya ya 122 ya Sura ya Tawba, inayotaja kundi litokalo kwenda kufahamu dini, haikuishia kwenye kutoka. Imetaja na kurudi kwa watu wao na kuwafaa. Aya hiyo yahusu elimu ya dini, nasi hatutaki kuinyoosha mpaka imfikie mhandisi. Lakini yatufunza kwamba mwenye kutoka huwa ana watu nyuma yake, na watu hao wana haki ya kuuliza.

Tuje kwenye suala la kwanza. Serikali ya Uingereza yamtaka mwanafunzi aonyeshe kwamba, juu ya ada ya chuo, anazo fedha za kula na kulala, zikadiriwazo kwa miezi isiyozidi 9. Kwa asomaye nje ya London hesabu hiyo yapita pauni 10,000, ambazo kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni moja na nusu. Na yataka fedha hizo ziwe zimekaa katika hesabu ya benki siku 28 mfululizo, bila ya kupungua hata siku moja. Hapa ndipo palipozaliwa biashara ya fedha za kuonyesha. Jamaa huchanga, au hutokea mtu mwenye mali akaziweka kwa malipo, siku zikatimia, benki ikatoa karatasi, na jioni fedha zikarudi zilikotoka.

Jawabu yetu ni kwamba haifai. Kuazima si haramu. Mtu akimkopesha kijana mkopo wa kweli, kijana akawa na mamlaka ya kuzila fedha zile na wajibu wa kuzilipa, hakufanya ubaya. Limsalie tu kutazama kama sharti za nchi ile zaukubali mkopo wa namna hiyo, kwani si kila mkopo huukubali. Lililo haramu ni karatasi isemayo "fedha hizi ni zake kwa matumizi yake" na mwenye kuiandika, na baba yake, na mwenye fedha, wote watatu wajua kwamba si zake. Huo ni ushahidi wa uongo uliotiwa muhuri. Na akitoza malipo huyo mwenye kuziweka, basi ni riba juu ya uongo, wala hatuoni haja ya kurefusha hapo.

Tumeambiwa: "Lakini hao tunaowaambia uongo si Waislamu, na nchi yao ndiyo iliyotutawala." Twaomba msomaji alitupilie mbali neno hili. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka usiku, alimwacha Sayyidna Ali nyuma ili awarudishie watu amana zao, na watu wale ndio hao hao waliokuwa wakimtafuta kumuua. Lau dhulma ya mtu ingehalalisha kumkhini, amana zile ndizo zingekuwa za kwanza kuhalalika.

Tena tutazame uongo huu unamfanya nini kijana mwenyewe, maana wazazi hudhani unakwisha pale viza inapotoka. Afika huko na karatasi ya fedha, fedha zenyewe hana. Sheria ya Uingereza yamruhusu mwanafunzi wa shahada kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, si zaidi. Saa 20 hazimlipii chumba, chakula na ile sehemu ya ada iliyobaki. Basi aanza kufanya kazi ya siri usiku, kwa ujira wa chini, kwa tajiri ajuaye kwamba mtu huyu hawezi kwenda kushtaki. Masomo yadorora. Chuo kina wajibu wa kuiarifu serikali mwanafunzi anapoacha kuhudhuria, na viza yake yaweza kukatwa. Hapo nyumba imekwisha kuuzwa, shahada haikupatikana, na mtoto aona haya kurudi.

Kwa Marekani jambo laja kwa sura nyingine. Sheria yao yamchukulia kila aombaye viza ya masomo kuwa ni mwenye kutaka kuhamia, mpaka athibitishe kinyume chake. Kijana husimama dirishani mbele ya afisa wa ubalozi, akaulizwa ana nini cha kumrudisha kwao, naye hujibu kwamba atarudi. Na nyumbani wamekwisha kumfunza majibu kama tunavyowafunza watoto Alif-Be-Te, hali ya kuwa shauri la nyumba nzima ni kwamba asirudi. Mama aliyemfunza mwanawe kutokusema uongo tangu yuko chuoni, siku hiyo humuombea dua uongo wake ukubaliwe.

Sasa suala la pili. Mtu akisema kila abakiye kufanya kazi amevunja ahadi, amekosea, kwa sababu wenye nchi wenyewe wamefungua mlango kwa sheria. Marekani yamruhusu mwenye kumaliza kufanya kazi inayohusu alichosomea kwa miezi 12, na aliyesomea sayansi, uhandisi au hesabu huweza kuongezewa miezi 24. Baada ya hapo yamhitaji mwajiri wa kumdhamini, na viza za kazi zenye kikomo ni 85,000 kwa mwaka kwa walimwengu wote, hata hupigiwa kura. Uingereza iliufunga mlango kama huo mwaka 2012, ikaufungua tena tarehe 1 Julai 2021: mwenye shahada hupewa miaka 2, na mwenye udaktari wa falsafa miaka 3. Kwa watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 ile miaka 2 imepunguzwa ikawa miezi 18. Mzazi apangaye leo na azijue tarehe hizi, asijenge juu ya khabari za mtoto wa jirani aliyekwenda zamani.

Basi aliyesema "nitarudi" naye akakusudia kurudi, kisha mwenye nchi akampa ruhusa iliyo wazi akae, hakukhini. Mwenye haki amesamehe haki yake. Na aliyesema "nitarudi" hali ya kuwa hakukusudia, huyo amesema uongo siku ile ile dirishani, hata kama kazi ilimkosa akarejea Mombasa mwaka wa pili. Watu wa mji watamsifu kwamba amerudi. Sifa hiyo haifuti kitu.

Lakini iko ahadi nyingine, nayo twaona ndiyo nzito zaidi kwetu kuliko ile ya ubalozi: ahadi ya nyumbani. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Sura ya Baqara, ni ya kuandikiana deni. Nasi twauza kiwanja, twauza dhahabu ya mama, twamtoa ndugu mdogo skuli ya malipo, yote kwa ajili ya mmoja, wala haiandikwi hata sitari moja. Je, fedha zile alipewa au alikopeshwa? Siku ya kuondoka baba husema, "Nenda, mwanangu, mimi sitaki kitu." Baada ya miaka mitano husema, "Nilikusomesha, nijengee." Mtoto naye hukumbuka lile neno la kwanza, baba akakumbuka la pili, na kila mmoja amwona mwenzake ndiye mwenye kuvunja ahadi.

Na ikiwa ni zawadi, vipi wale ndugu? Mtume (s.a.w.) alikataa kumshuhudilia baba aliyempa kitu mtoto mmoja akawaacha wenziwe. Wanavyuoni wengi wasema kuwalinganisha watoto katika vipawa ni sunna, na wako wasemao ni wajibu. Nyumba moja ikauzwa kwa ada ya kijana wa kiume, na dada zake watatu wakabaki kupanga chumba. Nao, baba akifa, hapana cha kurithi. Hatuoni watu wakiliuliza jambo hili, nasi twashangaa, maana lina haki ya watu ndani yake kuliko hili la kubaki au kurudi. Dawa yake ni nyepesi: wakae kabla ya safari, waandike kwamba ni mkopo, utalipwa kwa nani na namna gani, na dada watatu wawemo katika karatasi. Hapo kijana akibaki ng'ambo akalipa, ameitimiza ahadi yake; na akirudi mikono mitupu pasi na kulipa, deni li shingoni mwake vile vile.

Yasalia haki ya mji na nchi. Hapa wengi husema kwa jazba, nasi twataka kusema kwa insafu. Wangari Maathai alipelekwa Marekani mwaka 1960, katika ile misafara ya wanafunzi iliyoanza mwaka 1959 kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake. Alimaliza, akarudi mwaka 1966, na mkononi ana barua ya kazi kutoka chuo kikuu cha Nairobi. Alipofika akaambiwa kazi ile amepewa mwengine. Mola alimfungulia mlango mwengine pale pale chuoni, na dunia yajua mwisho wake. Lakini ni wangapi waliorudi na barua kama ile, mlango wa pili usifunguke? Mwenye kudai ahadi itimizwe yapasa naye awe mtimizaji.

Na Profesa Ali Mazrui, mtu wa mji huu, mwana wa Sheikh al-Amin bin Ali aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alisoma Manchester, Columbia na Oxford. Alirudi Afrika Mashariki akasomesha Makerere tangu mwaka 1963 hata 1973. Utawala wa Idi Amin ukamtoa, akaenda kusomesha Marekani, na huko akafariki Oktoba 2014. Akaletwa kuzikwa Mombasa, makaburini kwao, kando ya Fort Jesus. Mwenye kupenda kuhukumu na atuambie: huyu tumweke katika waliorudi, au katika waliobaki?

Wako wasemao kwamba fedha zatosha badala ya mtu. Kwa hesabu za Benki Kuu, walizotuma Wakenya wa nje mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, na nyingi zilitoka Marekani. Hapana mwenye akili atakayezidharau. Ndizo zinazolipa dawa na ada katika majumba mengi. Lakini fedha hujenga zahanati, wala haziwi daktari. Daktari aliyesomeshwa kwa fedha za umma, akatia saini kwamba atarudi kutumikia miaka kadha, haimtoshi kutuma fedha kwa mama yake akahesabu kwamba amekwisha. Aliyeahidiwa siye mama, ni wagonjwa. Ama aliyejisomesha mwenyewe, au akasomeshwa na chuo cha huko bila ya sharti, huyo hatuna la kumdai kwa sheria. Twaweza kumuomba, na kumuomba mtu si kama kumdai.

Amebaki aliyekwisha kwenda kwa karatasi za uongo na sasa yuko huko, naye jamaa zake wametuuliza afanye nini. Asiongeze uongo wa pili kuufunika wa kwanza. Afanye kazi kwa zile saa alizoruhusiwa, na ikiwa hazimtoshi akawaambie chuo mapema, kabla ada haijalimbikizana, kwani vyuo vingi hukubali kulipwa kwa mafungu au kumsimamishia masomo mwenye dhiki. Na huku nyumbani waache kumpigia simu za kumwomba fedha hata amalize.