Kazi Mbovu ya Fundi, na Wajibu wa Mwenye Gari

Siku hizi motokaa si chombo cha matajiri peke yao, na kwa sababu hiyo swali hili huulizwa mara nyingi: Mtu aliyepeleka gari lake kwa fundi, akalipa fedha, kisha akaona ya kuwa kazi imefanywa vibaya, yampasa kutenda nini? Wengine husema, Anyamaze kwa ajili ya amani. Wengine husema, Amtangaze fundi huyo sokoni apate aibu. Sisi twaona ya kuwa njia zote mbili zimepotoka, nasi twataka kuonyesha sababu.

Kwanza yafaa kupambanua makosa, maana hayalingani. Liko kosa la kutojua: fundi hukaza nati za gurudumu kwa kuzunguka, moja baada ya jirani yake, kwa kuwa hakufundishwa kukaza kwanza hii na kisha ile inayoielekea ng'ambo. Liko kosa la uvivu: fundi anajua kazi yake, lakini ameacha upepo katika mabomba ya breki kwa kuwa jua lilikuwa likizama. Tena liko kosa la hila: ametoza bei ya kifaa kipya, kumbe amekisafisha kile cha zamani na kukirudisha mahali pake. Wa kwanza anahitaji mafundisho, wa pili maonyo, wa tatu hukumu. Mwenye gari akimwita kila fundi mwizi, amemdhulumu yule asiyejua. Na akiwaachilia wote sawasawa, amemtia nguvu mdanganyifu.

Lakini je, kunyamaza si kusamehe? Hapana. Tazameni habari ya breki. Mafuta ya breki hayashindiliki, ndiyo maana nguvu za mguu hufika mpaka magurudumuni; bali upepo hushindilika, nao ukibaki ndani, mguu huzama bure. Katika nchi tambarare dereva hukanyaga mara mbili tatu, gari likasimama, naye asiogope. Lakini barabara itokayo Lushoto kupitia Soni hata Mombo hushuka karibu meta 1,000 kwa mwendo wa kilometa zipatazo 30, nayo ina kona nyingi. Huko kosa lililofichwa hudai malipo yake, tena kwa watu wasiomwona fundi wala kupatana naye: abiria waliomo garini, na mama apitaye kando ya njia na mzigo wake kichwani. Basi hasara yetu twaweza kuisamehe, maana ni yetu. Hatari ya mwenzetu si mali yetu, hata tuwe na ruhusa ya kuisamehe.

Watu wa kale waliyajua mambo haya. Hammurabi, mfalme wa Babeli, zaidi ya miaka 1,700 kabla ya kuzaliwa Kristo, aliandikisha sheria zake juu ya jiwe, ambalo lilifukuliwa huko Susa katika nchi ya Iran, nalo sasa limewekwa Paris. Sheria nyingine za jiwe hilo ni kali mno. Lakini moja ina hekima hata leo. Fundi aliyekalafati chombo vibaya, nacho kikaharibika katika mwaka uo huo, aliamriwa akibomoe, akitengeneze imara kwa gharama yake mwenyewe, kisha amrudishie mwenyewe. Haikutakwa aibu yake. Ilitakwa kazi njema.

Basi mwenye gari na atende vivyo hivyo. Kabla ya kazi, waandike yatakayofanywa na bei yake, tena aombe kurudishiwa vifaa vilivyotolewa. Kasoro ikionekana, gari lisisafiri. Amwendee fundi mwenyewe, si kwa kelele mbele ya wanafunzi wake, amwonyeshe kasoro kwa mkono, ampe nafasi ya kuirekebisha pasipo malipo mapya. Wala asizuie ujira wa kazi iliyo njema kwa sababu ya ile iliyo mbovu. Fundi akikataa, na aitwe fundi mwingine awe shahidi. Na wasipopatana, kwenda mbele ya sheria si uadui. Na akiulizwa na jirani, aseme yale aliyoyaona tu. Kusema, Breki zangu hazikutolewa upepo, ni ushuhuda. Kusema, Mafundi wote wa pale ni wezi, ni masingizio.

Neno moja limebaki. Mtu atakaye bei isiyotosha kununua kifaa chema, tena akimhimiza fundi amalize kabla ya adhuhuri, asishangae akipewa kazi ya haraka. Rahisi ni ghali. Fundi na atoe kazi ya kweli, mwenye gari naye atoe bei ya kweli na neno la kweli. Maana wanaosafiri katika gari hilo wamewaamini wote wawili.