Deni la Mzazi, Adhabu ya Mtoto

Jumanne hii, mwendo wa saa nne asubuhi, nilimkuta msichana wa gredi ya nne ameketi kwenye kibaraza cha duka hapa mtaani Kware, amepakata begi, soksi zimejaa vumbi. Nikamwuliza mbona hayuko darasani. Akanitolea karatasi iliyokunjwa-kunjwa: mia tano za dawati, mia na hamsini za mtihani. Kaambiwa asirudi bila pesa au mzazi. Mama yuko kazini kiwandani EPZ, atarudi jioni. Nyumba ina kufuli. Mwenye duka alikuwa amempa kikombe cha chai, lakini hakuna aliyejua amweke wapi hadi jioni.

Shule anayosoma ni ya umma. Elimu ya msingi bila malipo ilianza Januari 2003. Katiba ya 2010 ikaifanya haki ya kila mtoto. Kisha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, ikasema hata pale Waziri anaporuhusu ada nyingine, mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa kuwa haijalipwa. Siioni sheria ngumu hapo.

Najua mwalimu mkuu atanijibu nini. Serikali imekuwa ikitenga Sh1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka mzima, na hata hizo huchelewa. Ukizigawa kwa siku za masomo unapata kama shilingi saba. Tena mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, ambaye mfumo wa NEMIS wa kusajili wanafunzi haukumsajili, hakuletewa hata hizo saba, ilhali yuko darasani na anahitaji kitabu. Mwalimu huyo namhurumia kwa dhati. Lakini anayepaswa kudaiwa ni serikali, na pengine mzazi. Msichana wa miaka kumi hana deni na mtu.

Wengine husema, "Wazazi wana pesa za pombe na za king'amuzi!" Wapo, sikatai. Basi waitwe wao. Huyu mama akiondoka kazini saa nne, anapoteza kibarua cha siku, na hiyo mia sita na hamsini inazidi kwenda mbali.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna pa kulalamika. Nambari 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure, na imewafaa watoto wengi wanaopigwa na kudhulumiwa. Lakini wa kurudishwa nyumbani? Wazazi hapa mtaani husimulia safari ile ile: kwa chifu unaelekezwa kwa afisa wa watoto, huko unaambiwa hilo ni la ofisi ya elimu, nayo ofisi ya elimu inakurudisha kwa mwalimu mkuu. Ilhali Sheria ya Watoto ya 2022 inamtaka kila mmoja wao atangulize maslahi ya mtoto.

Shule ina nambari ya simu ya mzazi, impigie. Bodi iite wazazi Jumamosi, wakubaliane kulipa kidogo kidogo, na kila senti itolewe risiti. Naye afisa wa elimu wa kaunti ndogo aje asubuhi moja bila taarifa, afungue rejista, aulize waliorudishwa nyumbani wako wapi.