Glavu Kavaa Mwingine

Hivi, wenzangu, kipa akifungwa mwalimu wake naye kafungwa? Mwaka 2003, mjini Cairo, Juma Kaseja wa Simba alipangua penalti. Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, wakatolewa. Mikono yake, sifa yake. Baadaye akawa kocha wa makipa wa Taifa Stars. Basi hapo ndipo penye mtihani: yeye yuko benchi, glavu kavaa mwingine.

Huku Matemwe, maji yakishakupwa, vijana hudaka mchangani bila mwalimu. Wakifungwa wanajilaumu wenyewe. Lakini aliyefundishwa wapi asimame, lini aruke? Akiruka kulia na mpira ukaenda kushoto, naona mwalimu hawezi kujivua. Na akidaka? Aa, jukwaani bwana huitwa jina moja tu.