JUMATANO: Mwanga kwa Aliyechoka

Soma 1 Wafalme 19:1–9. Mungu alimpa Eliya nini kabla ya kumuuliza neno lolote?

Eliya alikuwa ametoka kuona moto ukishuka Karmeli, lakini chini ya mretemu aliomba afe. Malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena. Swali la Mungu lilikuja baadaye, katika pango la Horebu. Muumba alijua kwamba mwili ulihitaji kuhudumiwa kwanza.

Fikiria binti aliyelelewa Mlandizi, karibu na mto Ruvu, ambaye amekwenda kusoma Stockholm, Uswidi. Kwao Ruvu, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki saa moja. Stockholm, mwezi Desemba, jua huchomoza karibu saa 3 kasoro robo asubuhi na kutua kabla ya saa 9 alasiri. Binti aliyekuwa akiongoza nyimbo sasa analala sana bila kupumzika, anatamani vyakula vya wanga tu, anakwepa watu, na Sabato inampita akiwa kitandani. Mama yake anamwambia kwa simu, “Mwanangu, umemwacha Mungu.” Naye anaanza kuamini hivyo.

Huenda ni mgonjwa. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani, pamoja na wenzake, walieleza sonona inayorudi kila majira ya baridi na kupungua siku zinaporefuka. Walionyesha pia kwamba mwanga mkali unaweza kuitibu. Kwa kawaida mgonjwa huketi karibu na taa maalumu yenye nguvu ya laksi 10,000 kwa muda wa dakika 30 hivi kila asubuhi, macho yakiwa wazi bila kuikodolea taa. Mwanga wa sebuleni mara nyingi haufiki laksi 500. Mwanga huo wa asubuhi, ukipitia machoni, husaidia kuirekebisha saa ya mwili iliyo katika ubongo. Mwenye ugonjwa wa macho, au ambaye hisia zake hupanda na kushuka kupita kiasi, amwone daktari kwanza. Na anayetamani kufa, kama Eliya, asiachwe peke yake. Atafutiwe msaada siku hiyohiyo.

Soma Mhubiri 11:7 na Yakobo 1:17. Mwanga tunaouzoea kila siku unatoka kwa nani?

Ellen G. White, katika kitabu chake kuhusu huduma ya uponyaji kilichotoka mwaka 1905, aliuweka mwanga wa jua miongoni mwa dawa za kweli, pamoja na kumtumaini Mungu. Hakuvitenganisha. Vivyo hivyo, taa ya binti huyu haichukui nafasi ya maombi, kama vile mkate wa malaika haukuchukua nafasi ya sauti ya Horebu. Mkate ulimpa Eliya nguvu za kufika mahali pa kuisikia.

Swali la kutafakari: Je, katika kundi lenu yupo aliyeacha kuja, naye akahukumiwa kabla ya kuulizwa hali yake? Mtampelekea nini wiki hii kabla ya kumpelekea onyo?