Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 19: "Mteja mwenyewe anajua"



Eid inakaribia na maduka ya nguo yamechangamka. Swali linalonifikia sana kutoka kwa vijana wenye viduka ni hili: "Ustadh, nauza tisheti za Adidas za kopi. Mteja anajua kabisa siyo orijino, bei yenyewe inasema. Sijamdanganya mtu. Dhambi iko wapi?"

Swali zito, tusilipuuze. Tumezoea kusema feki ni haramu kwa sababu ya udanganyifu, tukataja habari ya Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono kwenye rundo la chakula sokoni akakuta ndani kumelowa, akamuuliza muuzaji kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakione. Sasa huyu kijana ameweka juu. Kasema wazi kuwa ni kopi.

Lakini kwenye biashara hii yuko mtu wa tatu, mwenye jina. Mimi na wewe tukiuziana mbuzi wa jirani kwa bei poa, sote tukijua ni wa jirani, makubaliano yetu hayamfanyi mbuzi kuwa wetu. Je, jina nalo ni mali kama mbuzi? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, lilipitisha kuwa jina la biashara na alama yake ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali, na haijuzu kuziingilia.

Utasema, "Kampuni tajiri ya Ujerumani itapungukiwa nini na tisheti zangu ishirini?" Utajiri wa mwenye mali haujawahi kuwa ruhusa. Mfikirie fundi wa kanzu wa mtaani kwako mwenye lebo yake. Mwingine ashone ovyo, abandike lebo ile ile. Si sote tungepiga kelele? Na mteja anayejua leo, kesho anampelekea mkwewe zawadi, na mkwe hajui.

Tuje kwenye sheria. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 haimgusi mtengenezaji peke yake. Kuuza bidhaa yenye alama ya kughushi, hata kuiweka dukani ili uiuze, ni kosa. Tume ya Ushindani (FCC) wakiingia wanabeba mzigo, na huwa unateketezwa. Mtaji wa kikoba unaondoka hivyo, deni linabaki.

Aliyebakiwa na mzigo amrudishie aliyemuuzia, wala asiagize mwingine. Akikataliwa, hasara aibebe. Najua ni maneno mepesi kwangu mimi mwalimu ninayesubiri mshahara.

Mtumba ni jambo jingine. Jinzi halisi ya Levi's iliyokuja kwenye robota, kampuni ilishapata chake ilipoiuza mara ya kwanza. Itaje jina, pata faida yako. Ila usiibandike tagi mpya ukaiita ya dukani. Hapo umerudi kwenye lile rundo la chakula. Wala usichore nembo ya kampuni juu ya mlango, watu wakadhani wewe ni wakala wake.

Na wewe mnunuzi unayeingia na kusema "nipe ile kopi", kijana anajaza duka kwa kufuata unachoulizia. Tisheti ya pamba isiyo na jina la mtu ipo, mara nyingi imetundikwa pembeni ya hiyo hiyo kopi.

Kesho inshaallah: bei ya taslimu na bei ya mkopo.